Kiongozi Hujulikana kwa Mwiko Wake

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi jioni mbele ya vijana wanaotengeneza gemu hapa Mbeya. Nimeyaandika kwa ajili ya wale ambao mvua iliwazuia. Picha nilizokuwa naonyesha ukutani nimeziacha, hamjakosa kitu.

Wazee wetu mlioko mbele, shikamooni. Wenzetu mliopanda basi la asubuhi kutoka Iringa na Mafinga, kamwene! Wa Rungwe, mugonile! Wengine wote, mambo vipi? Itifaki imezingatiwa, maana nikianza kutaja mmoja mmoja, mwenye ukumbi atakuja na funguo zake kabla sijafika kwenye gemu yenyewe.

Nimeambiwa nizungumze kuhusu namna ya kutumia hekaya kuunda viongozi wa himaya kwenye modi. Naona kuna wazazi waliowasindikiza watoto, kwa hiyo nieleze kwanza. Modi ni nyongeza. Gemu imeshatengenezwa na wenyewe, sisi tunaifungua na kutia vyetu ndani. Ni kama mtu aliyenunua daladala akaipaka rangi na kuandika methali yake nyuma: injini ni ile ile, lakini abiria wanaijua kwa ile methali. Na msidharau, wazazi wangu. Counter-Strike ilianza kama modi ya Half-Life mwaka 1999. Dota ilianza kama ramani waliyojitengenezea wachezaji wa Warcraft III. Watu wamejenga nyumba kwa mambo haya. Mimi bado napanga, lakini hiyo ni hotuba nyingine.

Kazi inayonilisha ni kutengeneza kompyuta pale Kabwe. Usiku, watoto wakishalala, naitilia modi Civilization VI, gemu iliyotoka mwaka 2016, ile ambayo unaanza na mji mmoja na watu wenye marungu, unamaliza unarusha roketi. Kila himaya ina kiongozi wake. Kiongozi usipomcheza wewe, kompyuta inamcheza. Leo namzungumzia huyo anayechezwa na kompyuta, kwa sababu huyo ndiye anayetuumbua.

Ameshaniumbua mimi. Ngoja niwasimulie.

Modi yangu ya kwanza ilikuwa ya Mkwawa. Mnacheka nini? Nani hapa Nyanda za Juu Kusini hakuanza na Mkwawa? Nilimpa kila kitu. Wapiganaji wake walikuwa na nguvu zaidi wakiwa kwenye vilima na vichaka, kwa heshima ya Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, pale msafara wa Zelewski, yule Mjerumani aliyeitwa Nyundo, ulipovamiwa ukiwa njiani. Mji wake mkuu niliuita Kalenga na kuuzungushia ukuta tangu zamu za mwanzo. Nilimchora kwa wiki tatu. Shuka ilikunjwa vizuri, mkuki uling'aa. Nikajisemea, hapa nimemaliza kazi.

Siku hiyo dukani alikuwapo mzee mmoja wa Iringa aliyeleta laptopu ya mjukuu wake, kioo kimepasuka. Wakati anasubiri nikamwambia, "Babu, hebu njoo umwone Mkwawa." Akasogeza kigoda. Mimi nilikuwa nacheza himaya nyingine, nimemzunguka Mkwawa wa kompyuta, nimechukua mji wake mmoja. Mara skrini ikafunguka. Mkwawa wangu yule wa wiki tatu akatokea, akainamisha kichwa, akaniomba amani. Na ili nikubali, akanipa dhahabu. Na miji miwili juu yake.

Mzee akakaa kimya kidogo. Kisha akaniuliza, "Huyu ni nani?"

"Mkwawa, babu."

"Hapana. Huyu ni mtu kavaa nguo zake."

Jamani, nilitamani kujificha chini ya meza. Kwa sababu mzee alikuwa sahihi, na mwanafunzi yeyote wa sekondari angemwunga mkono. Kutuma wajumbe, Mkwawa alituma. Kalenga ilipoanguka Oktoba 1894, aliingia porini, akawasumbua Wajerumani karibu miaka 4. Kujisalimisha hakujisalimisha. Julai 1898 alijipiga risasi ili asikamatwe akiwa hai, na hata hapo walikata kichwa, na fuvu halikurudi Kalenga mpaka 1954. Habari yake yote inazunguka jambo moja ambalo hakulifanya. Na mimi, katika wiki zote zile za kuchora shuka, jambo hilo moja sikuliandika popote.

Kwa nini sikuliandika? Kwa sababu nilikuwa nawaza kama sisi wote tunavyowaza mwanzoni: kiongozi wangu ana uwezo gani? Anapiga kwa nguvu gani? Anapata dhahabu ngapi kila zamu? Swali la uwezo ni swali la duka la silaha. Muulizeni kiongozi wenu swali la nyumbani: mwiko wako ni upi?

Mwiko mnaujua. Kila ukoo humu ndani una wake. Kuna wenzetu hapa hawagusi nyama fulani hata wawe wanakufa njaa, na ukiwauliza sababu watakusimulia kisa cha babu wa babu. Kisa kilikuja kwanza, mwiko ukabaki. Watu wakasahau nusu ya kisa, mwiko bado upo mezani kila siku ya kula. Hivyo ndivyo hekaya inavyofanya kazi kwenye gemu pia. Mchezaji hatasoma kurasa zako kumi za historia ya himaya. Hazisomi! Mimi mwenyewe sizisomi za wenzangu, na mnanisamehe. Ila ataona yule jirani hali kitu fulani, hapiti mahali fulani, hakubali jambo fulani, na ataanza kuuliza kwa nini.

Watengenezaji wa Civilization VI wenyewe wanalijua hili. Kila kiongozi wamempa ajenda, jambo moja analolipenda au kulichukia kwa wenzake. Lakini kuna mmoja wamemfanyia zaidi ya hapo, naye ni Mwafrika mwenzetu, Mvemba a Nzinga wa Kongo. Mvemba wa kweli alibatizwa mwaka 1491 akaitwa Afonso. Sasa kwenye gemu, mfalme huyu haruhusiwi kuanzisha dini yake. Haruhusiwi hata kujenga eneo takatifu. Anachukua faida ya dini ambayo wengine wameileta katika miji yake, na anakupenda ukimletea yako. Umeona? Wamemnyima kitu kizima ambacho himaya nyingine zote wanacho. Ukimcheza dakika kumi tu umeshamjua, kwa sababu unakwenda kwenye orodha ya majengo na unakuta pengo.

Au mchukueni Derek Paxton, aliyejulikana kama Kael. Huyu alichukua hekaya za mchezo wa mezani aliokuwa akiwaongoza marafiki zake, akazigeuza kuwa modi ya Civilization IV iitwayo Fall from Heaven. Baadaye kampuni ya gemu ikamwajiri. Mle ndani kuna watu wanaitwa Kuriotates, kiongozi wao ni mtoto mdogo, Cardith Lorda. Himaya nyingine zinapanuka mpaka zinachoka. Hawa wana ruhusa ya miji michache tu ya kweli, mikubwa kupita kiasi, na kwingineko wanaweka vijiji visivyo na nguvu. Mwenye kuwacheza analalamika saa nzima ya kwanza. Akishazoea, harudi kwa wengine.

Na sasa niwape mfano wa hekaya ya kubuni kabisa, kwa sababu najua kuna watu wamekuja hapa kwa ajili ya wale “elves” wa hekaya na majoka, nimewaona wamevaa fulana zao. Mnamjua Fëanor wa Tolkien, katika The Silmarillion, kitabu kilichotoka 1977, miaka 4 baada ya mwandishi kufariki. Fundi kuliko mafundi wote. Alitengeneza vito vitatu, vikaibwa, akaapa yeye na wanawe saba kwamba yeyote atakayevishika, awe adui au ndugu, watamwandama. Nimeona watu wakimtia Fëanor kwenye gemu zao. Wanampa nini? Asilimia kadhaa za ziada kwenye uhunzi! Uhunzi? Mtu aliyewaua ndugu zake bandarini ili achukue merikebu, wewe unampa bei nafuu ya karakana?

Kiapo ndicho kiongozi. Weka vito vitatu kwenye ramani. Fëanor wa kompyuta asiwe na shida na mtu mpaka mtu huyo ashike kimoja. Akishika, mkataba unavunjika hapo hapo, hata kama ni rafiki yake wa zamu mia, hata kama jeshi lake ni dogo na atapigwa. Hasa kama atapigwa. Mchezaji atakapomwona yule rafiki yake mpole anamjia na askari sita mbele ya ngome yenye ishirini, atashika kichwa. Atasema, huyu kompyuta ni mjinga. Halafu atakumbuka kito alichokiokota jana. Hapo ndipo hekaya imeingia kwenye gemu.

Tuelewane lakini: mwiko unaonekana tu ukirudiwa. Mkumbukeni Gandhi. Ile hadithi kwamba kwenye Civilization ya kwanza, ya 1991, Gandhi alipewa ukali wa 1, akiingia kwenye demokrasia unapungua kwa 2, na kwa kuwa hesabu ile haikujua namba hasi ikazunguka hadi 255, mpole wa dunia akaanza kurusha mabomu ya nyuklia. Nani hapa hajawahi kuisikia? Mimi niliwahi kuifundisha, kwa kujiamini kabisa, huku nachora ubaoni. Mwaka 2020 Sid Meier mwenyewe, mtengenezaji wa gemu hiyo, akaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba hitilafu hiyo haikuwahi kuwapo. Lakini ilishakuwa hekaya. Na kwenye Civilization V, ya 2010, walikuwa wamempa Gandhi mapenzi ya nyuklia ya 12 kwenye kipimo kinachoishia 10, kwa utani tu. Hitilafu isiyokuwapo imemzaa Gandhi anayefahamika kuliko marais wote wa gemu hiyo. Kwa nini? Kwa sababu alikuwa na jambo moja, na kila mtu alilikuta.

Haya. Niwaonyeshe sasa kazi ya mikono. Nimewatajia wa wenzetu, nikae kidogo kwa Liyongo.

Fumo Liyongo wa Pate mnamjua tangu shuleni, wengine mmemsoma mkilazimishwa. Muhammad Kijumwa wa Lamu aliandika utenzi wake mwaka 1913. Jitu la miraba minne, mpiga mata, silaha hazimwingii. Sultani alimshindwa kwa kila njia, mwisho akamrubuni mwanawe wa kumzaa: kamuulize baba yako nini kinamuua, nitakuoza binti. Na baba, huku anajua anachoulizwa, akamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Mtoto akamchoma baba yake amelala.

Mwingine angeishia hapo. Mwiko upo, udhaifu upo, gemu ipo. Lakini sehemu inayonifanya nisilale ni ile inayofuata. Liyongo anaamka na sindano tumboni, anachukua upinde, anakwenda mpaka karibu na kisima cha mji, anapiga goti, anatia mshale kwenye uta, anavuta. Anafia hapo. Amekufa lakini haanguki. Na mji mzima unakosa maji kwa sababu hakuna anayethubutu kusogea. Wanamwita mama yake, amwombe mwanawe kwa maneno mazuri awaachie kisima. Mama anabembeleza. Kimya. Mpaka mwili unapoanguka ndipo wanajua.

Sasa mwiko hapo ni wa nani? Nilikuwa nafikiri ni wa Liyongo. Ni wa mji! Mji una mwiko wa kumsogelea mtu ambaye hayupo tena.

Kwa hiyo nilifanya hivi. Liyongo ni kikosi kimoja tu, chenye nguvu za kutisha, hakuna mkuki unaomweza. Jasusi aliyewekwa ndani ya mji wake ndiye anayemweza. Akiuawa, mahali pale pale kinatokea kikosi kingine, Liyongo aliyepiga goti. Hana nguvu hata moja. Hashambulii. Lakini askari wa adui akifika kigae cha jirani, yaani kipande cha ramani kinachopakana naye, anasimama, kama ambavyo gemu inamsimamisha mbele ya adui yeyote, na shamba na kisima vya pale havizalishi chochote. Zamu kumi, kisha anaanguka.

Usiku wa kwanza wa kujaribu, badala ya jina lake skrini ikaandika LOC_LEADER_LIYONGO_NAME kwa herufi kubwa, kama mtu aliyekuja harusini na lebo ya bei bado inaning'inia kwenye shati. Waliowahi kutengeneza modi wanacheka, wanajua: faili la maandishi halikupakiwa, nimekosea njia ya folda. Hiyo ni dakika tano.

Tatizo la pili lilinila wiki mbili. Liyongo haanguki! Zamu kumi zinapita, kapiga goti. Zamu hamsini, kapiga goti. Nimefika zamu ya mia tatu, watu wanarusha roketi kwenda mwezini, barabara za lami zinamzunguka, Liyongo bado kavuta uta wake pale kisimani. Dogo mmoja dukani akaniambia, "Kaka, mwache tu, huyo ndiye Liyongo wa kweli." Nusura nimsikilize.

Chanzo chake kilikuwa nini? Nilikuwa nahesabu zamu ndani ya hati ya Lua, lugha ya kuandikia programu, kwa kigezo cha kawaida. Kigezo hicho kinaishi muda ambao gemu iko wazi. Ukihifadhi na kufunga, ukafungua kesho, hesabu imepotea na hakuna anayejua kwamba kuna mtu wa kuangushwa. Na mimi, kwa umeme wetu huu, nilikuwa nahifadhi na kufunga kila baada ya nusu saa. Dawa yake ni kuiandika hesabu kama sifa ya gemu yenyewe, kwa SetProperty, ili ihifadhiwe pamoja na mchezo. Andikeni hilo. Katika hotuba hii yote hilo ndilo litakalowaokolea usiku mwingi zaidi.

Lakini wiki zile mbili za kumtazama zikanifundisha kitu, nikaifuta kabisa ile hesabu ya zamu kumi. Sasa Liyongo haangushwi na muda. Anaanguka pale mtu asiye na silaha anapomsogelea. Mjenzi, mhamiaji, yeyote asiyebeba mkuki. Yaani mama. Sikuandika popote kwenye gemu kwamba ndivyo ilivyo. Mchezaji anapeleka mapanga na mizinga, hakuna kitu. Siku anampeleka mjenzi kwa bahati mbaya, akitaka kutengeneza shamba la karibu, na jitu linaanguka. Waliogundua wamenipigia simu usiku wa manane. Mmoja alikuwa Makambako, anapiga kelele mpaka nikadhani amepata ajali.

Sasa nimefika kwenye jambo zito kidogo, na nitawaomba wa nyuma wapunguze sauti.

Hekaya zina wenyewe. Mwaka 2012 kulikuwa na modi kubwa ya Skyrim iliyokuwa inajenga ulimwengu wa Tolkien, kazi ya miaka. Ikasimamishwa kwa barua ya mawakili, basi. Tukisikia hivyo tunasema, afadhali tutumie hekaya za kwetu, hazina mawakili. Nami nilisema hivyo. Kisha nikataka kumtengeneza Lwembe.

Mimi ni mtoto wa Tukuyu. Bibi yangu alikuwa akimtaja Lwembe kwa sauti ya chini, huku anapalia moto, na akimaliza alikuwa anabadilisha mazungumzo. Waliosoma mnajua kwamba Godfrey na Monica Wilson waliishi na Wanyakyusa miaka ya 1930 na kuandika mengi. Wazee waliwaeleza kwamba mababu wa watawala walishuka kutoka milima ya Ukinga wakiwa na moto, ng'ombe na chuma, wakawakuta watu wanaokula vibichi. Lwembe mrithi wao alikaa Lubaga. Uhai wa nchi ulikuwa mwilini mwake: mvua, migomba, uzazi wa ng'ombe na wa watu. Kwa hiyo hakuachwa afe kwa ugonjwa. Akidhoofika, makuhani walimziba pumzi kabla uhai haujamtoka wenyewe, ili usiiache nchi. Na walipotafuta wa kumrithi, watu walikuwa wanajificha. Mnausikia mwiko huo? Mfalme ambaye haruhusiwi kuugua. Kiti ambacho hakuna anayekitaka. Ni gemu gani duniani ina kiongozi wa namna hiyo?

Nikaanza kuchora. Taji, ngozi ya chui, macho makali. Bahati nzuri kabla sijamaliza nilikwenda kumsalimia mzee mmoja wa ukoo kule Rungwe. Nilimpelekea sukari na kitenge cha mke wake, nikaeleza, nikafungua laptopu. Aliitazama ile picha muda mrefu. Akasema, "Mjukuu wangu, huyu umemwona wapi?"

Nikasema, nimebuni tu, babu.

"Basi kama hujamwona, usimwonyeshe."

Nikauliza kama ananikataza kutengeneza modi. Akasema hapana, watoto wajue. Ila sura asiwe nayo, na mahali palipo patakatifu nisipaweke kwenye ramani watu wakapakanyaga kwa miguu ya kompyuta. Alisema hivyo hivyo, miguu ya kompyuta. Hakuwa na wakili. Hakuandika barua. Nilifuta picha ile mbele yake, na sasa nikiwaza naona amenifanyia kazi ya usanifu kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Mwiko wake ulikuwa bora kuliko uwezo wote niliokuwa nimempa Lwembe.

Kwa sababu, haya, nifanyeje? Gemu inataka kiongozi atokee kwenye skrini. Nikaweka nyumba. Nyumba ya mianzi, mlango umefungwa, migomba pembeni, na moshi unatoka kwenye paa. Moshi kwa sababu wao ndio walioleta moto. Ukizungumza na Lwembe, unazungumza na nyumba. Akikukasirikia, moshi unakuwa mzito. Akikukubali, mwepesi. Wachezaji wameniambia wanamwogopa kuliko kiongozi yeyote mwenye uso.

Na ukimcheza wewe mwenyewe? Kadiri miaka inavyopita moshi unapungua, na mashamba ya himaya nzima yanapungua nao, kigae kimoja kimoja. Kuna kitufe. Ukikibonyeza, moshi unakatika zamu moja, kisha unaanza upya, mashamba yanarudi kama mwanzo. Sikuandika kitufe kinafanya nini. Maandishi yanasema tu: "Waite makuhani."

Mwezi uliopita nilimkalisha mbele ya skrini kijana mmoja wa miaka kumi na minne, anakuja dukani akitoka shule. Anacheza haraka, vidole havitulii. Akafika pale moshi ulipopungua. Akasogeza kipanya juu ya kitufe, akasimama. Akaniuliza, "Kaka, wakiitwa, wanamfanya nini?"

Nikamwambia kama bibi alivyoniambia.

Akaondoa mkono kwenye kipanya. Akatazama ule moshi. Kisha akauliza, "Na huyo anayefuata, anajua?"

Nikamwambia anajua. Ndiyo maana watu walikuwa wanajificha.

Hakusema kitu. Akabonyeza zamu inayofuata. Shamba moja likakauka. Akabonyeza tena. Alifika zamu ya mia na arobaini, njaa imeshamaliza mji wake wa tatu, jirani zake wanamega mipaka, na ile nyumba ina uzi mmoja tu wa moshi. Kitufe hakukigusa. Mama yake akapiga simu kwamba giza limeingia, akahifadhi mchezo, akaondoka.

Flashi ziko pale mezani, nne tu, mkimaliza kunakili mzirudishe, za mwaka jana sijaziona mpaka leo. Modi ya Mkwawa haimo. Sijui bado namna ya kumzuia asiombe amani. Nakaribisha maswali, tuanze na dada pale mwenye koti jekundu.